Tembo Aliyekalia Mtandao

Hapo zamani za kale, wanangu, ila si kale sana maana simu zilishakuwapo, wanyama walivuta waya wa mtandao kutoka mjini. Ukafika mlimani kwa Tembo, ukaishia hapo. Waya uliobaki, wa kupeleka Bondeni, Tembo aliuviringisha akaufanya kiti.

"Mtandao ni kama maji ya tangi," akasema. "Mkifungulia huko chini, kwangu utakauka!"

"Kabisa! Usiwape!" akaitikia jirani yake, Kiboko.

Kule Bondeni, Kindi alikuwa na ghala limejaa ufuta. Wenzake vilevile. Lakini wanunuzi wa ng'ambo ya ziwa waliagiza kwa mtandao tu, na simu za Bondeni kazi yake ilikuwa kumulikia njia ya chooni.

"Wasipotusikia kabla ya mvua," Kindi akawaambia wenzake, "watanunua kwa Nyani, nchi jirani. Sisi ufuta utatuozea."

Akapanda mlima, tiki tiki tiki.

"Hodi!"

"Karibu. Kama umefuata waya, rudi."

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kusalimia tu." Kindi akatazama kiboksi cha mtandao ukutani, taa zake zikikonyeza. Akaruka nyuma. "Mamaa! Mzee, unalala humu humu?"

"Kwani kuna nini?"

"Hebu kiguse hicho."

Tembo akagusa kwa mkonga. "Ah! Kina joto!"

"Si ulisema mtandao ni kama maji ya tangi? Huu wako unaingia tu, hautoki. Tangi likijaa bila pa kutokea, linafanyaje?"

Tembo akajitenga na ukuta. "Linapasuka."

"Mimi sijasema, mzee. Umesema mwenyewe."

"Kiboko weee! Njoo, nyumba inalipuka!"

Kiboko akaja anahema. "Tuumwage wapi?"

Kindi akajikuna sikio. "Maji hushuka. Labda Bondeni... ila sijui kama watakubali kumwagiwa."

"Watake wasitake!" akasema Tembo.

Wakachimba mtaro. Puu! Puu! Tembo kwa pembe, Kiboko kwa meno, jasho linawachuruzika. Kindi yuko mbele: "Kushoto kidogo, wazee wangu! Pale penye ghala langu!" Waya wa kile kiti ukakunjuliwa, ukalazwa, Kindi akauchomeka.

Triii! Triii! Simu za Bondeni zikaamka zote.

"Haloo, ng'ambo? Ufuta upo, mkavu, mweupe. Njooni!"

Mvua iliponyesha, maghala yalikuwa matupu, na Nyani alikuwa anauliza, "Jamani, wateja wangu wako wapi?"

Tembo akashuka mbio, tope mpaka masikioni. "Kindi! Kiboksi bado kina joto, na mtandao wangu haujapungua hata kidogo!"

"Haupungui, mzee. Na joto hilo ni la kawaida yake."

"Kumbe ulijua?"

"Nilijua."

Tembo akafungua mdomo agombe. Simu yake ikalia. Ni wale wanunuzi: wameona ufuta wa Bondeni, sasa wanataka na ndizi za mlimani.

"Wewe Kindi, subiri, nitakugombeza baadaye. Haloo? Ndizi? Zipo tele!"

Hadithi imefika Bondeni, wanangu, nami nashukia hapa: mtandao ukifika kwa wote nchi nzima inauza, ukikaliwa na mmoja, anayetajirika ni nchi jirani.