Sakafu Isiyo na Mwanya

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa milimani, zama za waja wema waliotutangulia, aliishi seremala aitwaye Ghazwani bin Tarifu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, aliyeaminiwa kwa kazi yake na kwa kauli yake. Nyumba za mji ule zilitandikwa mawe, na baridi ya mawe yale ilipanda miguuni hadi mifupani. Basi mjane mcha Mungu, Bi Lubaba, aliyewasomesha mabinti Qur'ani chumbani mwake, akamwomba amtandikie sakafu ya mbao.

Mbao zikanunuliwa kwa Mundhiri, muuzaji mnyonge mwenye watoto wanne. Zilikuwa mbao ngumu za mjozi, mti mmoja toka juu hadi chini, si ngozi ya mti mzuri iliyobandikwa juu ya mti hafifu. Na mbao za namna hiyo, ndugu zangu, zina tabia yake. Hata baada ya kukatwa na kupigwa randa haziachi kunywa: mvua ikija huvuta unyevu zikatanuka, jua likija huutoa zikasinyaa. Ndiyo maana fundi huzilaza kwanza chumbani zizoee hewa ya nyumba, kisha akizipigilia huacha mwanya wa kidole kandokando ya ukuta, akaufunika kwa ubao mwembamba. Ghazwani aliyajua haya tangu ujanani.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Majirani walikuja kutazama kazi wakasema, "Mashallah, hata unywele haupiti!" Kichwa kikamvimba Ghazwani. Akaona haya kuacha ule mwanya, watu wasije wakadhani amekosea kipimo. Akazibana mbao mpaka zikaugusa ukuta pande zote nne, nao wakazidi kumsifu.

Mvua za baridi zikaanza. Siku ya kumi na moja, mabinti wakiwa katikati ya somo, chumba kilipiga kishindo cha kutisha. Sakafu ikainuka katikati, mbao zikapasuka, misumari ikaruka. Mabinti wakapiga mayowe, na Bi Lubaba akaanguka akavunjika mkono. Ghazwani alipofika aliiona nundu ile. Alijua kosa ni la nani kabla hata hajainama kuzishika mbao.

Wazazi wa mabinti wakaja juu. "Mundhiri ametuuzia mbao mbichi!" wakasema, na wakamfikisha kwa Kadhi.

Kadhi akamgeukia seremala. "Ghazwani, wewe ndiye mjuzi wa kazi hii. Mbao zilikuwa mbichi?"

Ghazwani akainamisha kichwa. "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye."

Subhanallah! Neno la haki kabisa, lakini tazameni lilivyotumiwa. Jina la Mola likafanywa pazia la kufichia aibu ya mja, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Kadhi akampa Mundhiri siku tisa aje aape kwamba mbao zake zilikuwa kavu. Asipoapa, duka lake lifungwe na asiuze tena mbao mjini.

Ghazwani akajiliwaza. Mundhiri ataapa, maana ni kweli. Lawama itabaki kwa mvua, na hakuna atakayeumia. Akalala usingizi siku zote hizo.

Siku ya tisa Mundhiri akaja amekonda, macho yameingia ndani. Bi Lubaba naye alikuwapo, mkono umefungwa vitambaa.

"Apa," akasema Kadhi.

"Mheshimiwa Kadhi, nilizikausha miaka mitatu chini ya paa. Nadhani zilikauka. Lakini sikuingia ndani ya kila ubao nikaona. Siwezi kumtaja Mola wangu juu ya jambo la kudhani."

"Unajua kwamba duka litakwenda?"

"Najua, Mheshimiwa."

Ghazwani akamtazama Mundhiri. Huyu anaogopa kuapa kwa jambo la kweli kwa kukosa yakini kidogo tu, na yeye mwenye yakini yote amekaa kimya kwa siku tisa! Akajikuta amesimama.

"Zilikuwa kavu!" akasema kwa sauti iliyopasuka. "Mbao mbichi zikikauka husinyaa, zikaacha nyufa. Hizi zilivimba kwa kuwa zilikuwa kavu zikanywa unyevu wa mvua, nami sikuwa nimeziachia pa kwenda. Nendeni mkatazame kingo zake, zimesagika ukutani hata zikashika chokaa. Kosa ni langu, na nimelijua tangu siku ile ile."

Watu wakashika vinywa. "Astaghfirullah!" mmoja akasema. "Ghazwani huyu huyu?"

Bi Lubaba akamtazama. "Kwa mkono wangu nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Lakini kwa kimya chako, mwombe huyu."

Ghazwani akamgeukia Mundhiri, akitarajia kulaaniwa. Akamkuta amesujudu, analia. "Alhamdulillah," alikuwa akisema. "Kumbe ilikuwa halali. Kumbe ilikuwa halali."

Kisha akainuka. "Ghazwani, niliogopa nimewalisha wanangu haramu. Tangu shauri lile sikuwapa chochote kilichotokana na mbao zile, na sina kingine. Wamekula majani ya kuchemsha siku tisa. Yule mdogo tangu jana hawezi kusimama."

"Kwa nini hukunijia ukaniuliza?" Ghazwani akalia.

Mundhiri akamtazama kwa mshangao, pasipo hasira. "Kadhi alikuuliza mbele yangu. Nikasema moyoni, ikiwa mcha Mungu kama Ghazwani hana yakini, mimi ni nani hata niwe nayo?"

Wamesimulia waliosimulia kwamba Ghazwani alitoka pale mbio, peku, akabeba gunia la unga begani mwake hadi nyumbani kwa Mundhiri, akampikia yule mtoto uji kwa mkono wake huku machozi yakimtiririka. Mtoto alipona kwa rehema za Mola.

Ndugu zangu, tunahesabu uwongo tuliousema na kuutubia. Ni nani kati yetu aliyekwisha kuulizia nyumba ambazo watoto wake wamelala na njaa kwa sababu ya kweli tuliyoinyamazia?