Mahrukhi na Picha Isiyokuwa na Mtu

Jamani, mmekaa?
— Tumekaa!
Masikio mnayo?
— Tunayo, yamefunguka!
Basi niyamimine maneno?
— Yamimine!

Hapo kale, kale ya kale, katika nchi ya Uajemi, palikuwa na mchoraji mwanamke jina lake Mahrukhi. Picha zake zilikuwa ndogo, hazizidi kitanga cha mkono. Brashi yake ya manyoya ya paka, buluu yake ya kusaga jiwe, na mbingu zake alizipaka dhahabu. Ukiitazama picha ya Mahrukhi, unajikuta unatembea ndani yake.

Liwali wa mji ule, Bwana Ardashiri, alipatwa na msiba. Binti yake wa pekee, Nilufari, alizama katika kijito cha bustani yao. Liwali akaichukia bustani, akamwita Mahrukhi.

"Nichoree mwanangu," akasema. "Lakini usimtilie mti, usimtilie jiwe, usimtilie maji. Hivyo ndivyo vilivyoniulia mtoto. Picha ikiisha, nitakata kila mti na kukifukia kijito."

"Na watu wa bondeni wanaokunywa maji yake, bwana wangu?"

"Wanywe machozi, kama mimi."

Mahrukhi akaenda akachora. Akachora uso kwa wino. Kulipokucha, karatasi nyeupe kama maziwa. Akachora kwa buluu. Kulipokucha, nyeupe kama maziwa. Akachora kwa dhahabu tupu. Kulipokucha, nyeupe, nyeupe pepepe! Mahrukhi akalia, maana liwali hakuwa mtu wa kungojeshwa.

Akatia brashi kifuani, akaingia bustanini mwenyewe. Kulikuwa kimya, na mwanga wa asubuhi haukuwa na kivuli. Mti mmoja wa mberoshi, mrefu mwembamba, ukainama.

"Mahrukhi, Mahrukhi, wamtafuta nani?"

"Namtafuta Nilufari."

"Kimo chake ninacho mimi. Alikuwa akijipima kwangu. Kichukue."

Akasogea mbele. Jiwe likafumbua jicho.

"Mahrukhi, Mahrukhi, wamtafuta nani?"

"Namtafuta Nilufari."

"Paji lake la uso ninalo mimi. Aliliegemeza hapa siku alipofiwa na mama yake. Lichukue."

Akasogea mbele, akafika kijitoni. Kijito kikanyamaza.

"Na wewe, husemi?"

"Naona haya," kijito kikanong'ona. "Nilimpenda, nikamshika mno, sikujua binadamu hupumua. Kicheko chake ninacho. Kichukue, Mahrukhi, kinaniuma."

Mahrukhi akaketi papo hapo, akachora. Alichora mti, akachora jiwe, akachora maji. Mtu hakumchora. Karatasi haikufutika.

Akampelekea liwali picha. Mashoka yalikuwa yamekwisha kunolewa, na wakataji wamesimama mlangoni.

"Mwanangu yuko wapi?" liwali akanguruma.

"Mtazame, bwana wangu."

Liwali akainua mkono awaite askari. Mkono ukabaki hewani. Jicho lake lilikuwa limefika kwenye mberoshi: ulisimama hivi, kiuno upande, kama msichana anayeitwa na hataki kuja. Kidole chake kikagusa jiwe.

"Hili paji," akasema polepole. "Hili paji nalijua."

Kisha akayatazama maji, na akacheka. Kicheko kikamtoka bila yeye kutaka, cha kitoto, kikapanda hadi darini. Halafu akalia kama hajawahi kulia.

"Nilikukataza maji," akasema.

"Nilikaidi, bwana wangu. Bila maji, hacheki."

Liwali akawaambia wakataji waende kwao. Lakini msidhani alisamehe siku ile! Alikwenda bustanini akakipa kijito mgongo. Kesho yake vilevile. Mahrukhi alikuwa akipita na kumwona, wala hakumsemesha. Mpaka siku moja mikomamanga ilipochanua, akamkuta liwali amevua viatu, miguu imo majini, anazungumza peke yake kwa sauti ndogo. Mahrukhi akarudi kwa kunyata.

Ndivyo ilivyo, wenzangu: binadamu hakai ndani ya ngozi yake tu. Anachokigusa kwa mapenzi hubaki na kipande chake, na anayekiharibu kwa uchungu humzika mtu wake mara ya pili.

Ngano nimeimwaga, kibuyu kitupu. Anayesema nimedanganya aende Uajemi akaulize. Akirudi, atatukuta tumekwisha kula viazi vyake.