Waliokemea Kibasi

Wapendwa, huko milimani Upareni palikuwa na mjomba mmoja mwenye kibasi kikuukuu, na alikipenda kuliko viatu vyake vya Jumapili. Siku moja akapewa heshima kubwa: kumpandisha mpwa wake, bibi harusi, mpaka kanisani juu mlimani. Ilikuwa Jumamosi, ibada saa nne asubuhi. Jumatano yake ni Majivu, na kwao ndoa haifungwi wakati wa Kwaresima. Ukikosa leo, unangoja Pasaka, na mbuzi wameshachinjwa! Nani atakwenda kuwaambia wakwe?

Kona ya kwanza, taa nyekundu ya maji ikawaka. Kona ya pili, kibasi kikaishiwa nguvu. Mjomba akakanyaga mafuta mpaka mguu ukamuuma, kibasi kikatambaa kama kinyonga. Akazima, akawasha. Kikapata nguvu kidogo, kikalegea tena. Mjomba aliona aibu, jasho likamtoka, maana nyuma yake walikaa mashangazi saba, na mashangazi mnawajua.

Basi mashangazi wakanyoosha mikono kuelekea injini. "Pepo wa kukwamisha ndoa, toka! Achia gari hili!"

Mjomba akaitikia amina, mguu bado uko kwenye mafuta. Msicheke. Nanyi mngekemea.

Wakajikongoja hadi kwa fundi mmoja wa pikipiki kando ya barabara. Mjomba akaruka chini.

"Fundi, kuna kitu kinaninyima nguvu. Kikate! Nifike tu kanisani, mengine Jumatatu."

"Shikamoo kwanza, mzee wangu," fundi akasema. Akainama, akapapasa chini ya injini, mkono ukatoka umelowa. "Kibano cha mpira wa maji kimelegea, maji karibu yote yamevuja. Injini imeona inaungua, ikajipunguzia nguvu yenyewe. Nikikata unachotaka nikate, nguvu utazipata. Kona mbili tu. Halafu injini inakufa, na mko ukingoni mwa korongo."

"Sasa tufanyeje?"

"Zima, ngojeni ipoe. Ukifungua rejeta sasa hivi, itakubabua uso."

Kungoja! Na saa nne ndiyo hiyo imeshapita! Mjomba akatazama saa, akatazama mlima, akatamani kulia, mwanamume mzima na masharubu yake. Ndipo bibi harusi akashuka, gauni kalikusanya mkononi, akakaa juu ya tairi bovu la fundi.

"Mjomba, zima gari. Bora nifike nimechelewa kuliko nisifike."

Mjomba akazima. Ilimgharimu moyo wake wote kugeuza ule ufunguo. Wakangoja dakika arobaini. Fundi akakaza kibano. Mashangazi wakajifunga vitenge juu ya nguo zao za harusi, wakashuka mtoni na madumu, wakapanda nayo kichwani. Injini ilipopoa, mjomba akajaza maji kwa mkono wake, akawasha. Taa ikazimika.

Wapendwa, kibasi kile kilipanda! Gea ya pili, gea ya tatu, honi inalia, vigelegele vinatoka kila dirisha! Mchungaji alikuwa ameshavua joho, aliposikia honi akalivaa tena mbio mbio. Ndoa ikafungwa. Mbuzi wakaliwa!

Sasa nijibuni. Yule pepo aliyekemewa alikuwa nani? Hapakuwa na pepo. Walichokuwa wakikikemea ndicho kilichokuwa kikiwaokoa. Kibasi kingewatii mashangazi, leo ningekuwa nawasimulia habari za mazishi saba na zaidi.

Na sisi je? Mwili unachoka, tunaukemea. Mke amenyamaza mwezi mzima, tunasema ni majaribu ya adui. Maombi yamekauka, tunaongeza sauti ya spika. Tunakanyaga mafuta tu! Usiku na mchana tunamlilia Mungu atuongezee nguvu, kumbe ni Yeye aliyezipunguza, kwa huruma, ili tusiungue.

Ndugu yangu, wewe uliyekuja leo umelegea, sikia. Hujalaaniwa. Unavuja. Acha kukanyaga, shuka, ukubali kupoa mbele za Mungu wako, akukaze palipolegea, akujaze. Na mlima huo unaouogopa, nakuambia, utaupanda kwa vigelegele!