Zamu za Diski Moja

Hapo zamani, si zamani ya mbali, kompyuta zilipokuwa zikinguruma kama mashine za kusaga, hospitali moja ya milimani ilikuwa na diski moja tu. Kadi za wagonjwa wote zilikaa humo. Mtunzaji wake aliitwa Tulinagwe, na alikuwa amechoka.

Diski ile ilifanya kazi moja kwa wakati mmoja, na wawili waliigombania.

Anyelwisye, muuguzi wa chumba cha dharura, alitaka kitu kidogo, lakini papo hapo. "Dada, kadi moja tu. Ila niipate kabla sijamaliza kuvaa glavu."

Sekela, karani wa masjala, alitaka kitu kikubwa: kunakili kadi zote kwenye kanda ya akiba, iwekwe kabatini ili diski ikifa zisipotee. "Mimi sina haraka, mdogo wangu. Ila nisikatwe. Nikikatwa, naanza upya."

Tulinagwe akapanga: dharura ipite, nakala ingoje. Anyelwisye akaomba, Sekela akakatwa. Akaomba tena, Sekela akakatwa tena. Punde Anyelwisye akawa anaandika "dharura" hata kwa mwenye kikohozi, maana asipoandika hivyo alingoja robo saa huku wagonjwa wakimtukana. Tulinagwe aliona. Hakuwa na nguvu ya kugombana, akaacha.

Sekela naye, wiki ya kwanza alipiga kelele. Ya pili alinung'unika. Ya tatu akaleta kitambaa chake, akafuma.

Siku ya kumi na tisa, asubuhi, lori la viazi likapinduka. Saa hiyo hiyo diski ikaanza kukwaruza. Tulinagwe akajua inakufa.

Sekela akaja mbio. "Nipe saa moja tu, niokoe hizi mpya!"

Simu ikalia. "Dada, nina majeruhi saba hapa!"

Tulinagwe akampa Anyelwisye. Kadi saba zikatoka, na wote saba wakapona. Kisha diski ikanyamaza. Kadi za zamani zilikuwa salama kwenye kanda ya mwisho, lakini za siku kumi na tisa zikapotea nayo.

Mojawapo ilikuwa ya Bi Enesi, iliyosema penisilini humziba pumzi. Jumapili majirani walimleta amezimia kwa homa. Akachomwa sindano hiyo. Hakuamka.

Mganga mkuu akawaita watatu. "Mume wake yuko nje, kwenye benchi. Mmoja wenu akamweleze."

Anyelwisye akasema, "Mimi niliomba tu. Hao saba wangekufa mikononi mwangu."

Tulinagwe akamtazama. "Na wenye kikohozi je?"



Sekela akasema, "Nilikatwa kila siku. Mnilaumu kwa lipi?"

"Kwa kunyamaza, dada. Ungezidi kunijia kwa ukali, ningekusikia."

"Nilichoka."

"Hata mimi," akasema Tulinagwe. "Zamu nilizipanga mimi. Lakini ningewaambia nini ndugu za wale saba?"

Nje ya mlango, mume wa Enesi alikohoa, akauliza kama bado yuko mtu ndani.

Haya, ninyi mnaonisikiliza: nani kati ya hao watatu alistahili kuufungua ule mlango?