Kwa Nini Hoteli Ina Moto na Hospitali Ina Vitanda

Zamani, kabla mgonjwa na msafiri hawajatenganishwa, nyumba yao ilikuwa moja. Msiniulize ilikuwa mwaka gani. Ilikuwa mbali na kwetu, katika nchi ya milima yenye theluji, wakati ambapo Kilatini kilikuwa bado lugha ya sokoni na ya kugombeza watoto. Nyumba hiyo ilisimama pale barabara ilipovuka mlima, na jina lake lilikuwa Hospitale, yaani nyumba ya wageni. Jina lilikuwa refu, lakini nayo nyumba ilikuwa ndefu.

Katikati yake palikuwa na moto ambao haukuzimwa, na kuuzunguka moto huo vilipangwa vitanda. Aliyekuja na njaa aliketi pale, aliyekuja na homa alilazwa pale pale, na aliyekuja na vyote viwili alilishwa akiwa amelala. Mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Plasida, mama mnene wa sauti ndogo, na alikuwa na sharti moja tu: chakula kikishatoka motoni hakina mwenyewe. Ukithubutu kuuliza sahani hii ni ya nani, Plasida alikutia mwiko mkononi ukamlishe kwanza mtu wa kitanda cha karibu. Watu walijifunza upesi kutouliza.

Plasida alikuwa na watoto wawili. Domitila, binti wa kwanza, alikuwa mtu wa vitanda. Alijua kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza, na alijua kunyamaza kando ya mtu anayekata roho, jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi. Mdogo wake, Lusiani, alikuwa mtu wa jiko, fundi wa kupika na kuchekesha watu. Walipendana, msije mkadhani vingine. Lakini kila mmoja aliamini moyoni mwake kwamba nyumba ile ilisimama kwa sababu yake.

Ukaja mwaka wa homa. Wagonjwa walijaa hadi kizingitini, na wasafiri wazima wakaanza kupita nje bila kuingia, wakaona heri kulala kwenye theluji kuliko kulala bega kwa bega na mtu anayetapika. Lusiani aliwaona wakipita huku sufuria yake ikibaki imejaa, na roho ikamuuma. Kisha Plasida mwenyewe akashikwa na homa, akalazwa kitanda cha ukutani, na hapakuwa tena na mtu wa kuwaamua watoto wake.

"Dada," Lusiani alisema, "watu wanaganda huko nje kwa kutuogopa sisi. Niruhusu niteremke na moto mpaka njia panda, niwapikie."

"Na hawa waliolala hapa?"

"Hawa hawali, dada. Wewe mwenyewe unaona. Chakula kinarudi kama kilivyokwenda."

Alisema kweli, na ndiyo sababu Domitila alikasirika. Angeweza kumwambia achukue makaa nusu, kwa kuwa moto hugawanywa na wala haupungui. Kila aliyewahi kuomba moto kwa jirani anajua hilo. Badala yake alisema, "Beba wote. Usiniachie hata kijinga kimoja cha moto." Na Lusiani, ambaye naye alizaliwa na mama yule yule, akabeba wote. Alibeba makaa ndani ya chungu, akabeba mafiga, sufuria na miiko, akazoa hata majivu. Domitila alisimama mlangoni, mikono kifuani, mpaka mdogo wake akamaliza na kuondoka.

Tangu hapo wagonjwa walikula mkate mkavu uliolowekwa kwenye maji. Kuni zilikuwepo, lakini zilikuwa mbichi, na hapakuwa na kaa la kuanzishia. Domitila alijiambia kwamba ataweza. Kisha, asubuhi moja, homa ya mama yake ikapungua. Plasida akafumbua macho, akatazama huku na huku, akasema, "Mwanangu, mbona baridi hivi? Hebu nipe uji."

Mgonjwa wa homa akiomba uji ni habari njema, na yeyote aliyewahi kuuguza anajua. Domitila pia alijua. Ningekuwa mimi ningeteremka mlima ule bila viatu. Lakini aliyakumbuka maneno yake ya mlangoni, akaona aibu kwenda kuomba kaa kwa mtu aliyemfukuza nalo. Akamlowekea mama yake mkate. Plasida akautia mdomoni kwa adabu, akautafuna kidogo, kisha akautoa na kuufumbata mkononi ili binti yake asiuone. Binti aliuona. Siku nzima alikwenda mlangoni na kurudi, akaenda na kurudi.

Kulipokucha mama alikuwa hamtambui tena. Ndipo Domitila alipomshika mkono mchuuzi mmoja wa sufu, aliyekuwa amepona na kufunga mizigo yake, akamwambia, "Ukifika njia panda mwambie Lusiani kwamba mama anaomba uji."

Mchuuzi alifikisha ujumbe. Alimkuta Lusiani ndani ya banda alilolijenga pale, katikati ya watu, mabenchi yamejaa, mvuke umetanda hadi darini. Lusiani alicheka kwa furaha, kwa sababu mama anaomba kula. Akabandika uji wa shayiri kwa maziwa na asali, kama Plasida alivyoupenda. Lakini wageni walikuwa wanaita, huyu anataka supu, yule anataka mkate, naye akasema moyoni, ngoja niwamalize hawa. Alipowamaliza, wakaingia wengine. Jua lilikuwa limeanza kuteremka alipoifunga sufuria kwa nguo ili isipoe, mwiko ukiwa ndani, akaupanda mlima mbio.

Uji ulifika ungali wa moto, na hilo ndilo lililomtesa maisha yake yote. Domitila alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshamfunga mama yao kidevu kwa kitambaa. Hakumlaumu mdogo wake, kwa kuwa alikuwa akiikumbuka ile siku nzima aliyoipoteza yeye kati ya kitanda na mlango. Lusiani alisimama na sufuria mikononi, asijue aiweke wapi, maana palipokuwa na mafiga palikuwa patupu.

Katika kitanda cha jirani alilala mzee aliyeokotwa barabarani, asiye na ndugu, na hata jina lake hawakulijua. Harufu ya uji ilimfikia, akajitahidi kuinua kichwa.

"Wanangu," alisema, "hicho chakula ni cha nani?"

Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza swali hilo ndani ya nyumba ile. Lusiani alifungua kinywa aseme kwamba ni cha mama. Domitila akainuka. Akaifungua ile nguo, akakoroga uji, kisha akamtia mdogo wake mwiko mkononi.

"Hakina mwenyewe, mzee," alisema. "Kimeshatoka motoni." Akamgeukia Lusiani. "Mlishe."

Lusiani akamlisha mzee yule uji wa mama yake, polepole, huku machozi yakimtiririka. Alipomaliza akahamia kitanda kilichofuata, mpaka sufuria ikakwanguliwa. Domitila alikwenda nyuma yake akiwapangusa watu midomo.

Baada ya maziko walikaa wakazungumza kama ndugu. Waliona kwamba wasafiri wazima hawatarudi kulala kati ya wenye homa, na kwamba wenye homa hawawezi kuteremshwa njia panda. Basi wakakubaliana moto ubaki chini na vitanda vibaki juu, lakini kila siku sufuria ipande mlima ikiwa imefungwa nguo.

Jina nalo walirithi wote wawili. Domitila hakwenda mbali, na waliomfuata walikuwa watawa na watu wa vitabu, wanaotunza maneno kama wanavyotunza vikombe vya altare. Kwa hiyo jina lake lilibaki karibu zima: hospitali. Jina la Lusiani liliishi barabarani. Wajukuu zake walihamia kwa Wafaransa, na huko vinywa vya watu wenye haraka vikalisugua, silabi ikadondoka hapa, herufi ikadondoka pale, hadi likawa ostel, na baadaye hotel. Waingereza walilipokea jina hilo zaidi ya mara moja, katika zama tofauti, na kila mara walidhani ni mgeni mpya. Mwishowe majina yote mawili yalifika kwetu, kila moja na mzigo wake, kama ndugu waliosahauliana sura. Nasi tukayapa yote mawili irabu mwishoni, kama tunavyompa mgeni kigoda.

Na tangu siku hiyo hoteli ina moto na hospitali ina vitanda. Ukiingia kwenye hoteli zetu za mtaani utapata chai, chapati na maharage, lakini ukisema unataka kulala utaambiwa kaulize gesti. Ukilazwa hospitali utapata kitanda na dawa, ila uji utaletewa na watu wa kwenu. Ndiyo maana asubuhi huwakosi kina mama getini, wakingoja saa ya kuwaona wagonjwa, vyombo vimefungwa kwa kanga ili visipoe. Mama akishamlisha wake, hutazama kitanda cha pili. Akiona huyo hajafikiwa na mtu, hummiminia kidogo, wala hamuulizi jina.

Na yupo anayefika na uji wa moto akakuta kitanda cha wake kimeshatandikwa upya. Husimama kidogo na chombo mkononi. Kisha huvuta kiti, akaketi kwa jirani, akafungua kanga.