Mashine Iliyotoka Kupona

Niwape mfano, wapendwa. Nitausema taratibu.

Hospitali moja ilikuwa na kompyuta tatu za kutunza mafaili ya wagonjwa. Mbele ya kompyuta hizo iliwekwa programu ya kugawa kazi: faili hili wewe, lile mwenzako. Programu hiyo haikununuliwa. Waliiandika watu wa mbali, wakaiacha wazi, atakaye aichukue bure. Kila baada ya sekunde chache iliuliza kila kompyuta: upo? Isiyoitika haipewi kazi, wenzake wanabeba.

Siku moja kompyuta ya tatu ilizimika. Wenzake wakabeba, hakuna mgonjwa aliyejua. Fundi akaitengeneza, akaiwasha. Mganga mkuu akaja kuuliza inasubiri nini. Fundi akamwomba muda, kwa kuwa ndiyo kwanza imewaka, haikumbuki kitu, na kila faili italitafuta upya.

"Fundi, imepona au haijapona?"

"Imepona, daktari."

"Basi ibebe sawa na wenzake. Hapa hatulei mashine."

Fundi akatii. Dakika tano hazikuisha, ikaelemewa. Lakini ilipoulizwa bado iliitika "nipo", kwa hiyo kazi ikazidi kumiminwa juu yake. Wakati huo mama mmoja amempakata mtoto mwenye degedege. Muuguzi ameshika sindano, hathubutu kuchoma kabla ya kujua dawa ipi inamdhuru mtoto yule. Faili halifunguki. Je, ungekuwa wewe yule mama?

Fundi akaitoa mashine ile mbio. Faili likafunguka, mtoto akapona. Ndipo fundi akayasoma vizuri maelezo ya programu, akakuta jambo lilikwisha kuandaliwa: inayorudi ipewe kidogo, iongezewe polepole.

Mganga mkuu akauliza, kwa sauti ya chini sasa, ni nani aliyewaza hilo.

"Simjui, daktari. Nadhani naye aliwahi kuiharakisha ya kwake."

Ndugu zangu, mashine ile ni mimi, mchungaji wenu. Tangu tumzike Mama Tumpe, mke wangu, kila mkiniuliza nasema nipo. Hamkuniamini, na Mungu awabariki kwa hilo. Jumapili ya kwanza mlinipa matangazo tu nisome. Ya pili, sala fupi. Misiba miwili mliibeba bila kunigongea mlango. Leo ndiyo mnanipa mahubiri.

Lakini sisi, tunawatendea wote hivyo? Aliyeanua matanga juzi, mbona tunamwambia ajikaze, kwaya inamsubiri? Kesho nendeni kwake, mmwondolee mzigo mmoja. Msimwulize upi. Hataweza kusema.