Wimbo wa Wapuliza Dawa

Hapo zamani, kahawa ilipopuliziwa dawa kwa bomba la mgongoni, palikuwa na shamba ambalo watu wake walifanya kazi kwa wimbo. Manase alianzisha, wenzake kumi na wawili wakaitikia. Akivuta mstari, wanapiga hatua. Akikata, wanasimama na kugeuza mabomba. Hivyo hakuna aliyeingia kwenye ukungu wa dawa wa mwenzake. Siku hizi Manase hapandi ngazi tatu bila kupumzika, lakini akifumba macho bado anaisikia safu ile ikiitikia.

Msimu mmoja mwenye shamba, Bwana Ndekirwa, alileta barakoa. "Vaeni," alisema. "Dawa hii mpya si ya mchezo."

Wakavaa. Manase akaanzisha, sauti ikabaki ndani ya kitambaa. Safu ikavunjika. Nuruana akageuka kabla ya wakati, akarushiwa dawa machoni. Siku tano walifanya kazi hivyo, kimya, wakigongana.

Siku ya sita Manase akavua yake, akaitundika kwenye tawi la mbuni. "Barakoa ni ya watu wasiojua kuimba!"

Wote wakacheka, wote wakavua. Nyapara Kundaeli akaona, akanyamaza. Jioni kila mtu akanywa kikombe chake cha maziwa, yaliyoaminika kuosha sumu, kama ilivyokuwa desturi.

Baada ya misimu minne, kifua cha Manase, aliyefungua kinywa kuliko wote, kikaukataa wimbo. Daktari akasema ni dawa ya shambani. Wafanyakazi wakaitisha kikao: nani amtibu na kumlisha maisha yake yote?

"Barakoa nilinunua," alisema Bwana Ndekirwa. "Maziwa sikuwanyima hata siku moja. Mlitaka niwavalishe kama watoto wachanga?"

"Tajiri, tusidanganyane," alisema Kundaeli. "Wiki ile ya barakoa ulisimamisha gari barabarani. Hukuuliza watu wanaendeleaje. Uliniuliza, 'Mbona siku hizi hawaimbi?' Nikajua unachotaka."

"Ulijua, au ulikisia?"

"Nyapara anayeuliza mara mbili hadumu, tajiri."

Nuruana akasimama. "Kaka Manase angeendelea kuvaa, mimi leo ningekuwa kipofu. Alivua kwa ajili yetu."

"Usinipambe, dada," alisema Manase, akitafuta pumzi. "Niliipenda pia sauti yangu."

Watu wakacheka, kisha wakainamisha vichwa. Walibishana mpaka jua likazama, wasikubaliane.

Basi ketini ninyi mahali pao. Yupo aliyenunua barakoa, kisha akautamani wimbo. Yupo aliyeona, akalinda kazi yake. Na yupo aliyevua wa kwanza, akawaokoa wenzake na kujimaliza mwenyewe. Je, mzigo wa kifua cha Manase, nani alistahili kuubeba?